Rangi ya farasi na soksi nyeupe: zinapandisha bei kweli, au ni macho ya mnunuzi?

#1 Mtandika Tandiko

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa wanaojua farasi, wa kubahatisha mkae pembeni kidogo.

Chukua farasi wawili wa ukoo mmoja, umri mmoja, miguu mizima, mafunzo sawa. Wa kwanza mweusi tii, ana kinyota pajini. Wa pili mwekundu, baka pana usoni limepinda upande mmoja, soksi nyeupe miguu yote minne. Kwa nini simu zote zinapigwa kwa yule mweusi, na huyu mwekundu anaulizwa "mwisho ngapi?" kabla hata hajatolewa bandani? Waingereza wana kibwagizo chao cha zamani cha kuhesabu miguu myeupe: mmoja nunua, miwili mjaribu, mitatu mtilie shaka, minne mpite.

Mimi nasema huo ni ushirikina mtupu. Rangi haikimbii, rangi hairuki kiunzi. Anayebisha alete sababu.

#2 Fundi Kwato

Kibwagizo hicho kina sababu, ila sababu yenyewe mbovu.

Soksi ikishuka mpaka kwenye taji, yaani pale nywele zinapokutana na ukwato, ukwato nao huota mweupe. Watu wakashikilia kwamba ukwato mweupe ni laini. Vipimo vya ugumu vilivyolinganisha kwato nyeupe na nyeusi havijaonyesha tofauti ya maana.

Imani ilitoka wapi? Ukwato mweupe hausitiri. Farasi akikanyaga jiwe, damu inavilia ndani, na baada ya muda unaona doa la waridi kwenye ukuta wa ukwato au chini kwenye unyayo. Ukwato mweusi umeumia vilevile, ila huoni kitu. Ukuta huota kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo doa lililoanzia kwenye taji linaweza kuchukua karibu mwaka kufika ncha ya mbele. Mnunuzi anakuta madoa matatu, anatikisa kichwa: "dhaifu."

Kinachoharibu ukwato ni kulowa na kukauka kila siku, misumari kupigwa palepale kila mara, na kumchelewesha fundi kupita wiki 6 hadi 8. Tazama matundu ya misumari ya zamani. Yakiwa yamemeguka mpaka ukingoni, hapo ndipo ushushe bei, ukwato uwe mweupe au mweusi.

#3 Mla Pilau

Kwa hiyo ukwato mweupe ni kanzu ya harusini. Doa moja tu, ukumbi mzima unajua umekula nini.

#4 Bint Sohar

Mtandika, usiite kila kitu ushirikina kabla hujasikiliza. Huku Oman na Ghuba kwa jumla rangi ina majina na daraja zake. Adham ni mweusi. Kumeit ni kahawia iliyokolea, singa, mkia na miguu nyeusi. Ashkar ni mwekundu mpaka singa zake. Mwenye weupe pajini ni aqrah, mwenye weupe mdomo wa juu ni artham, mwenye soksi ni muhajjal.

Iko hadithi kwa Tirmidhi na Ibn Majah: bora ya farasi ni adham aqrah artham, kisha aqrah muhajjal ambaye mguu wake wa kulia hauna weupe, na asipopatikana mweusi basi kumeit wa alama hizohizo. Sasa huyo mweusi wako mwenye kinyota kwa nini asipigiwe simu?

Na soksi haziangaliwi kwa idadi tu, zinaangaliwa kwa mpangilio. Katika Sahihi Muslim imekuja kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa hapendi shikal kwa farasi. Maelezo yaliyomo humo: weupe mguu wa nyuma wa kulia na wa mbele wa kushoto, au kinyume chake, yaani mshazari. Wako wanazuoni waliosema shikal ni mitatu myeupe na mmoja mtupu. Muuzaji anayejua wateja wake humtazama miguu kabla ya meno.

#5 Singa Ndefu

Bint Sohar, ahsante, lakini umeruka moja. Kwa Abu Dawud na Tirmidhi ipo pia kwamba baraka ya farasi iko kwa walio ashkar. Kwa hesabu hiyo mwekundu wa mleta mada hakustahili kuulizwa "mwisho ngapi".

#6 Bint Sohar

Sikuiruka, niliiacha ije kwa mwenye subira. Ndiyo maana huku ashkar hadharauliki kama kwa Waingereza, ambao farasi jike mwekundu wanamhesabu mkorofi tangu hajazaliwa. Kinachomponza wa Mtandika ni baka lililopinda, siyo wekundu wake.

#7 Dawa ya Masika

Fundi Kwato (#2) kasema kweli, ila kashuka chini mno kwa sentimita chache. Tatizo la mguu mweupe liko juu ya ukwato, kwenye ngozi ya kisigino na kifundo.

Chini ya weupe wa kuzaliwa ngozi ni ya waridi, haina rangi ya kujikinga. Masika ikipiga, tope likikaa kwenye manyoya ya kisigino, anaingia bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis (jina lina Kongo ndani yake kwa sababu alielezwa kwa mara ya kwanza huko mwaka 1915). Unapata magamba, nyufa, mguu unavimba, farasi anachechemea. Miguu myeusi nayo hupata, ila angalia bandani: farasi wa soksi mbili, mara nyingi ile miwili ndiyo yenye magamba.

Tiba siyo kubandua magamba makavu kwa kucha, mnavyofanya. Nyoa manyoya ya kisigino. Osha kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, acha povu dakika 10, magamba yatalainika na kutoka yenyewe. Suuza. Halafu kausha kwa taulo mpaka kati ya mikunjo, na hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaosha vizuri, kisha wanamrudisha kwenye tope akiwa bado mbichi. Baada ya siku kadhaa hakuna nafuu, ita daktari. Pengine ni utitiri wa miguuni, au ini limeguswa na mimea fulani na ngozi nyeupe inaungua kwa jua. Ini likiwa na shida, ngozi ya waridi peke yake inababuka na ngozi nyeusi jirani yake inabaki nzima, mpaka unaweza kuchora mpaka kwa kalamu.

Kwa hiyo soksi nne ni miguu minne ya kukausha kila jioni ya mvua. Mnunuzi mwenye saisi mmoja na farasi kumi ana haki ya kuliweka hilo kwenye bei.

#8 Laikipia Juu

Naongezea kwa sisi wa nyanda za juu karibu na ikweta. Jua la huku halina mchezo na pua ya waridi. Baka la uso likishuka mpaka puani, unapaka oksidi ya zinki kila asubuhi, na wengine wanamvisha barakoa yenye kifuniko cha pua. Usipofanya hivyo pua inakuwa kama mkate ulioungua. La kuogopwa zaidi ni macho yenye ukingo wa waridi: saratani ya ngozi ya kope hupenda pale. Kidonda kidogo kwenye kope kisichopona kisiachwe.

Lakini upande wa pili wa hesabu, mweusi naye ana adui zake. Nzi wakubwa wanaouma huvutwa zaidi na koti jeusi kuliko jeupe, kwa jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye koti jeusi linalong'aa; kuna watafiti wa Hungaria walilionyesha hilo mwaka 2010. Na mbung'o je? Mitego yake tunaishona kwa kitambaa cha bluu na cheusi, tena kwenye cheusi ndipo anapotua. Ukimpitisha farasi mweusi kwenye pori la mbung'o umetembeza mtego wenye miguu minne. Visubi wanaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika ni habari nyingine: hapo ni chanjo na kumfungia ndani kabla jua halijazama, rangi haisaidii kitu.

#9 Mtandika Tandiko

Sawa, sawa. Mmenipa ngozi, jua na nzi. Lakini hayo yote yanamtetea mwekundu dhidi ya mweusi kwa nusu na mweusi dhidi ya mwekundu kwa nusu. Bei bado hamjaieleza.

#10 Kitabu cha Ukoo

Bei inaelezwa na karatasi, mkuu. Kanuni za chama cha ukoo ndizo zinazogeuza doa kuwa pesa au hasara.

Friesian: mweusi tu, weupe unaoruhusiwa ni nyota ndogo pajini. Akitoka na soksi moja, hata awe na mwendo wa malaika, hapandi daraja la juu la kitabu cha usajili wa ukoo. Cleveland Bay vilevile, kahawia mwenye miguu myeusi na nyota ndogo basi.

Mfano mzuri kuliko yote ni Quarter Horse wa Marekani. Chama chao cha 1940 kilikuwa na kanuni ya weupe uliopita kiasi: weupe ukivuka mistari fulani ya uso na miguu, au ukitokea tumboni, mtoto ananyimwa usajili wa kawaida ingawa baba na mama wote wana karatasi safi. Watoto hao waliotupwa ndio walioupa nguvu ukoo wa Paint, ambao chama chake kiliungana mwaka 1965, na huko kukosa weupe ndiyo kasoro. Mtoto yuleyule, baka lilelile, hapa halina thamani, ng'ambo ya barabara ndilo tiketi. Kanuni ya Quarter Horse ikafutwa 2004. Farasi hawakubadilika usiku ule. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

#11 Mla Pilau

Kumbe ni kama cheti cha kuzaliwa. Mtu yupo, anatembea, lakini ofisini hayupo.

#12 Jicho la Mnada

Kitabu cha Ukoo umeeleza wenye karatasi. Wengi wananunua farasi wa kupanda tu, hawana habari na kitabu. Hapo ni jicho.

Soksi nyeupe inaandika mwendo hewani. Mguu mweusi kwenye mchanga wa kahawia hauonekani vizuri ukipanda na kushuka, mweupe unaonekana toka mbali. Soksi nne zilizolingana urefu humfanya farasi wa mwendo mzuri aonekane mzuri zaidi. Zikiwa hazilingani, mmoja mpaka gotini na mwingine kwenye kifundo, jicho linadanganyika: mguu wenye soksi ndefu unaonekana unapanda juu zaidi, na mnunuzi anasema farasi hatembei sawasawa. Farasi mzima anashushwa bei kama mchechemeaji.

Baka la uso lililopinda ni hivyohivyo. Ukimtazama kutoka mbele unadhani ameinamisha kichwa upande. Jaji akiwa mwisho wa uwanja anaweza kuliona kosa ambalo halipo.

Dawa ni rahisi. Mfunge bandeji za rangi moja miguu yote minne, mpitishe kwa mwendo wa troti kwenye sakafu ngumu, upige video kutoka mbele, nyuma na ubavuni, kisha uiangalie taratibu bila sauti. Sikiliza pia kwato kwa macho yaliyofumbwa. Mapigo yakilingana, kilichokuwa kinachechemea ni soksi.

#13 Rangi Mbio

Kwenye mbio ndiyo hoja ya mleta mada inasimama. Secretariat alikuwa mwekundu mwenye soksi tatu, mwaka 1973 akashinda mbio za Belmont kwa tofauti ya urefu wa farasi 31. California Chrome, mwekundu, baka usoni na miguu minne myeupe, alichukua Derby ya Kentucky 2014. Frankel kahawia mwenye miguu minne myeupe, mbio 14, ushindi 14. Kibwagizo kingemtilia shaka wa kwanza na kuwapita hao wawili.

Sasa geuza. The Green Monkey, kahawia wa kawaida kabisa, aliuzwa mnadani mwaka 2006 kwa dola milioni 16 kwa sababu alikimbia furlong moja (kama mita 200) kwa sekunde 9.8. Akaingia mbio tatu, hakushinda hata moja. Pale hakuna aliyenunua rangi, walinunua saa.

#14 Singa Ndefu

Rangi Mbio, ni kweli kwenye mbio, lakini hata huko rangi ina soko lake pembeni. Sodashi wa Japani alizaliwa mweupe kabisa, aliposhinda mbio za daraja la kwanza mwaka 2020, farasi mweupe wa kwanza kufanya hivyo, alipata mashabiki ambao farasi kahawia mwenye rekodi ileile asingewaota. Rangi haikumpa mbio. Ilimpa watu.

#15 Kijivu Milele

Kabla hamjaenda mbali na weupe, tutenganishe mambo. Farasi wengi mnaowaita weupe ni wa kijivu. Huzaliwa na rangi, kisha jeni moja kubwa linaanza kumfubaza. Wengi wanakuwa karibu weupe wakiwa na miaka 6 hadi 10. Ngozi yake chini ni nyeusi, siyo ya waridi, kwa hiyo hayo ya jua ya #8 hayamhusu sana. Lipizzaner wa shule ya upandaji farasi ya Vienna ndio hao, na kwa desturi hawakosi kumbakiza mmoja wa kahawia kati yao kwa ajili ya bahati.

Soko lake la huku kwetu ni harusi. Bwana harusi wa Kihindi Nairobi anataka kupanda farasi mweupe, na hamtaki kijivu cha madoadoa cha miaka mitano, anamtaka mweupe pe, mtulivu wa ngoma na fataki. Maana yake ni farasi aliyekwishatimiza miaka kumi na kitu. Na hapo ndipo mtego ulipo: wakivuka miaka 15, zaidi ya 7 kati ya 10 wa kijivu huwa na melanoma.

Ukienda kumwona, usianzie usoni. Inua mkia. Papasa upande wa chini wa mkia pasipo na nywele, kuzunguka njia ya haja, halafu ala ya dume, halafu nyuma ya taya karibu na koo. Vinundu vyeusi vigumu kama punje za kunde ndivyo unavyotafuta. Vichache vidogo anaweza kuishi navyo miaka. Vikiwa vimeungana kama zabibu na kuziba njia ya haja, au vimepasuka, au viko pale hatamu inapopita, bei unayoambiwa siyo yake.

#16 Mtandika Tandiko

Kwa hiyo sokoni mweupe anapanda bei kadiri anavyozeeka, na kwenye afya anashuka kadiri anavyozeeka. Hii biashara ina kichaa chake.

#17 Mbegu Bora

Kijivu Milele, waambie na wanaonunua watoto. Mtu anauziwa "mtoto mweusi tii, adimu", baada ya miaka mitatu ana farasi wa rangi ya majivu. Mtoto atakayekuwa mweusi kweli mara nyingi huzaliwa na koti la rangi ya panya, miguu imefifia, kisha anabadili. Aliyezaliwa mweusi unaong'aa mtilie shaka. Tazama kope: nywele nyeupe zikizunguka macho kama miwani, huyo anakwenda kijivu. Na muulize muuzaji wazazi. Bila mzazi mmoja wa kijivu hakuna mtoto wa kijivu.

Kwa wanaopenda rangi ya dhahabu, palomino, hesabu ni hii. Palomino ni mwekundu aliyepata nakala moja ya jeni la krimu. Palomino kwa palomino: nusu palomino, robo mwekundu, robo kremelo mwenye macho ya bluu na ngozi ya waridi. Kremelo kwa mwekundu: wote palomino, kila mwaka, bila kubahatisha. Ndiyo maana kuna wafugaji wanaomweka dume la kremelo ambalo hakuna anayetaka kulipanda. Lenyewe halivutii mnunuzi, watoto wake ndio wanaouzwa.

Angalizo: jike akiwa wa kijivu, nusu ya watoto au wote watafubaa na dhahabu yako itayeyuka.

#18 Pwani Kavu

Mbona kuna farasi wa Kiarabu palomino, tena wa damu safi? Picha zimejaa mitandaoni.

#19 Mbegu Bora

Hakuna. Jeni la krimu halimo kwa farasi wa Kiarabu safi. Unachoona ni mwekundu mwenye singa za rangi ya katani, au amechanganywa. Vuta nywele 20 hadi 30 za singa au mkia, ziwe na mizizi, usikate kwa mkasi, zitie kwenye bahasha ya karatasi, upeleke maabara ya jeni kama ile ya UC Davis, chuo kikuu cha Marekani. Jibu litamaliza ubishi kabla hujalipa.

#20 Bint Sohar

Naunga mkono. Na mweusi safi kwa farasi wa Kiarabu ni wachache, ndiyo maana bei yake haina adabu.

#21 Mla Pilau

Samahani kwa kutoka nje ya uzi. Punda je? Lamu tuna punda kuliko magari, mbona hakuna anayeuliza soksi zake?

#22 Bint Sohar

Waulize wazee wa Unguja kuhusu punda wa Maskati. Wakubwa, weupe, waendao mwendo wa raha, walikuwa kipando cha wenye nafasi, na punda wa kijivu wa kubeba mizigo hakukaribia bei yao. Weupe pale ulikuwa alama ya kutoka ng'ambo. Farasi nao Seyyid Said alikuwa nao. Meli yake Sultanah ilipofika New York mwaka 1840 ilikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa rais wa Marekani. Rudi kwenye uzi sasa kabla hujafukuzwa.

#23 Msafiri wa Jodhpur

Mnaotafuta sababu ya kiafya kwa kila alama, nendeni Rajasthan, India. Kwa farasi wa Marwari, baka usoni pamoja na soksi nne ni alama ya heri na ina jina lake, panchkalyan. Wa kijivu ndio wenye bei, wenye mabaka wanafuata, na mweusi tii wengi wanamkwepa kwa sababu ni rangi ya mauti. Kwa hiyo farasi wawili wa #1, wapande ndege mpaka Jodhpur, simu zinahamia kwa mwekundu. Ngozi ya waridi na tope vipo kulekule pia.

#24 Dawa ya Masika

Tope la Rajasthan, mkuu? Umechagua jangwa ukapinga hoja ya masika.

#25 Msafiri wa Jodhpur

Hapo umenipata. Lakini jua lipo.

#26 Kliniki ya Farasi

Mmecheza na soksi, yapo mabaka ambayo siyo ya kuchezea.

Frame, yale mabaka ya ubavuni yenye kingo zilizochanika yasiyovuka mgongo: mzazi mwenye nakala moja ni mzima kabisa. Ukiwakutanisha wawili, mtoto mmoja kati ya wanne anazaliwa mweupe, utumbo wake hauna neva za kuusukuma, hapati choo cha kwanza, tumbo linamuuma, anakufa ndani ya siku chache. Hakuna upasuaji wa kumwokoa. Hatari ni kwamba mwenye jeni hili anaweza kuwa na weupe mdogo tu usoni ukadhani ni wa kawaida. Jike la Paint au Quarter Horse lenye uso mweupe lipimwe kabla ya kupandishwa.

Madoa ya Appaloosa: aliyerithi nakala mbili haoni gizani tangu kuzaliwa. Na huyo ndiye mara nyingi mwenye bei kama mbegu, kwa sababu kila mtoto wake atabeba jeni la madoa. Ukimnunua wa kupanda jioni, mtembeze bandani taa zikiwa zimezimwa uone anavyogonga.

Weupe mwingi wa kichwa pamoja na macho ya bluu huenda na uziwi. Simama nyuma yake asipokuona, tikisa ndoo ya chakula.

#27 Rangi Mbio

Kliniki, uziwi siyo lazima ushushe bei. Colonels Smokin Gun, yule wa mashindano ya reining (kuzunguka na kusimama ghafla kwa amri ya mpandaji), alikuwa kiziwi na uso mweupe. Akawa dume la mbegu la kutajwa, watoto wake wameleta mamilioni ya dola. Leo wapo wanaoutafuta uso ule mweupe kwa sababu yake. Farasi asiyesikia makofi ya jukwaani, mpanda farasi gani anamkataa?

#28 Kliniki ya Farasi

Anayejua. Asiyejua anamnunulia mtoto wake, kisha anamwita farasi kwa sauti kutoka nyuma na kupata teke.

#29 Jicho la Mnada

Tumalizie na udanganyifu, maana palipo na bei ya rangi pana ndoo ya rangi.

Mweusi hufifia kwa jua na jasho, singa zinakuwa za kutu. Wauzaji humpaka rangi ya nywele. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua nyuma ya sikio na kwenye mapaja ndani. Wengine wanamlisha paprika ili koti likolee. Kwa farasi wa mashindano ni kujitafutia balaa, maana kapsaisini imekatazwa, na kwenye Olimpiki ya 2008 farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa nayo. Kufunika kwa shuka na kumpeleka malishoni usiku badala ya mchana kunafanya kazi bora zaidi. Ukimwona amefifia hata akiwa kivulini, angalia shaba kwenye lishe.

Weupe uliotengenezwa: mwage maji. Baka la kuzaliwa, ngozi chini ni ya waridi. Nywele zilizochujwa kwa dawa, ngozi ni nyeusi.

#30 Kijivu Milele

Rekebisho dogo. Ukingoni mwa baka la kuzaliwa panaweza kuwa na utepe wa nywele nyeupe juu ya ngozi nyeusi, unaonekana wa bluu ukilowa. Usimwite mtu mwizi kwa utepe huo, tazama katikati ya baka. Na kwa wa kijivu aliyekwisha kuwa mweupe, maji hayohayo yanakufufulia soksi zake za utotoni: panapoonekana waridi ndipo zilipokuwa. Linganisha na mchoro wa pasipoti, ambapo weupe huchorwa kwa wekundu na vinyweleo vya mzunguko kwa alama ya X nyeusi. Visipolingana, soma chipu, upande wa kushoto wa shingo, katikati, chini ya singa.

#31 Fundi Kwato

Na kuna weupe wa kununuliwa kwa maumivu. Madoa meupe pande mbili za mabega, pale tandiko linapokaa: tandiko lilimbana mpaka mizizi ya nywele ikafa rangi. Mstari wa nukta nyeupe kwenye mfupa chini ya goti kwa farasi aliyestaafu mbio: alichomwa moto zamani kutibu mguu. Hayo hayasemwi "alama nzuri", yanasemwa historia. Kwenye tangazo wanaandika "ana vidoa vya kupendeza mgongoni".

#32 Mtandika Tandiko

Nimekuja na swali moja naondoka na kumi. Bint Sohar anasema daraja, Kitabu anasema karatasi, Jicho anasema jicho, Masika anasema tope. Na mwekundu wangu bado yupo bandani.

#33 Jicho la Mnada

Mpige picha ubavu wa upande baka lisikoegemea, singa uziweke upande wa pili, asimame kwenye nyasi ndefu zifunike soksi. Video iwe na bandeji za bluu iliyokolea.

#34 Singa Ndefu

Halafu mnunuzi akifika?

#35 Jicho la Mnada

Akifika awe amekwisha kumpanda kichwani mwake. Ila picha ya uso wazi umtumie kabla hajafunga safari, usimpotezee mtu mafuta.

#36 Mla Pilau

Swali la mwisho, la kweli safari hii. Mkia wa kijivu umekuwa wa manjano kwa mkojo, ile shampuu ya zambarau inakaa muda gani?

#37 Kijivu Milele

Dakika 3, tano ukizidisha sana, suuza mpaka maji yatoke safi. Ukienda kupokea simu utarudi ukute mkia wa rangi ya biringanya, na harusi ni Jumamosi.